Mama Saa

Mama Saa aliingia saa mbili na robo, kama kawaida yake, na mfutaji akamkimbilia kabla mwingine hajamwona.

"Mama mkwe wako huyo," Miwani, jirani yake wa meza, akamchokoza. "Humchoki tu?"

"Fanya kazi yako wewe."

Mama Saa aliingia kwenye kompyuta, si mlangoni. Mle ghorofa ya tisa walikuwa watu ishirini na nne, wote kazi yao kufuta maandiko ya watu mtandaoni: mgomo wa kiwandani, mto uliogeuka rangi, watu waliopotea. Nje nchi inapaa, maghorofa yanaota kama uyoga, na wakubwa hawataki kelele.

Sheria ya kazi ilikuwa fupi. Andiko likifutwa ndani ya dakika moja, yamekwisha. Dakika ikipita, mtambo wenyewe unapeleka anwani ya aliyeandika kwa watu wa gari jeupe. Na wale hawapigi hodi.

Ndiyo maana kwa siku mia mbili na kumi mfutaji alikuwa akimfuta Mama Saa mbio mbio, kisha anashusha pumzi: leo pia kapona.

Maneno yake yalikuwa yale yale. Picha ya kijana mwenye nywele timtim, anacheka hadi macho yamefumba. Chini yake: "Mwanangu alitoka asubuhi kununua betri ya saa ya ukutani. Hajarudi. Saa bado imesimama saa nne kasorobo. Aliyemwona aniambie."

Leo aliongeza kitu. "Kama kuna mtu yeyote anasoma haya, anipe neno moja tu. Yu hai, au niache kumpakulia?"

Vidole vya mfutaji vikaganda. Nafasi ya kujibu ilikuwa wazi, mstari unapepesa. Neno moja. Sekunde thelathini. Arobaini.

"We!" Miwani akanong'ona. "Utamponza mama wa watu!"

Hamsini. Akaandika herufi mbili, akazifuta. Hamsini na nane, akabonyeza. Picha ikatoweka.

Miwani akavua miwani, akajipangusa jasho. "Siku moja utatuua, ndugu yangu. Kwani huyo mama anakuhusu nini?"

Kufuli la mlango likazungushwa kutoka nje. Mlinzi akaingia na mashine ya kunyolea, maana ilikuwa siku ya kunyolewa.

"Ishirini na nne," akahesabu. "Haya, vichwa chini."

Mfutaji akainamisha kichwa. Mkono wake ukateremka polepole hadi kwenye soksi, ukapapasa, kama kila siku, betri moja ndogo, mpya, ingali ndani ya karatasi yake ya dukani.