Mama Haondoki Ziwani

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba. Asubuhi ya baridi, ukungu mwepesi juu ya ziwa, upepo wa kaskazini.

"Mama, gari linakungoja," alisema mwanawe mkubwa, fundi wa majokofu, viatu vyake vikizama topeni. "Vitu vyako tumeshafunga. Utakaa kwangu."

"Nyamaza kwanza!" Mama alinyoosha kidole kuelekea matete. "Pale. Kasauti kembamba."

Mwalimu mstaafu aliyesimama kando yake aliinua darubini. Masikio yake yalikuwa mazito, na mama hakuona mbali. Mmoja alisikia, mwingine akaona.

"Chiriku," alisema mwalimu. "Kundi zima. Wanapumzika kabla ya kuvuka maji."

Kila majani yalipoanza kupukutika, ndege hao waimbaji walipita hapa wakielekea kusini. Tangu afiwe na mumewe, mama hakukosa kuja kuwatazama.

"Watu wanasema, mama," binti yake alinong'ona. "Mjane, alfajiri, kwenye matete, na mwanamume!"

"Waseme mpaka wakaukiwe mate."

Fundi akamgeukia mwalimu. "Na wewe mzee, leo mpaka umevaa tai shingoni! Ndege wanakukagua?"

Mwalimu alikohoa, akatazama viatu vyake.

"Mwache," mama alisema. "Kwani hapa nani kamzaa mwenzake? Nyumba yangu siuzi, ziwa hili siliachi. Nimemwomba Mungu mwaka mzima, na amenijibu."

Fundi aliitazama saa yake. Jana alikuwa amempigia simu mchungaji aje amkanye mama, na mchungaji alikubali mara moja. "Nitakuwa hapo ziwani asubuhi," alimwambia. "Njoo na dada yako, msichelewe." Mama angeweza kuwashinda wanawe, lakini si mchungaji.

Mchungaji alitokea kwenye ukungu pamoja na wazee wawili wa kanisa. Chiriku wakaruka wote kwa mpigo.

"Shikamoo, mchungaji. Afadhali umefika," alisema fundi. "Mama hasikii la mtu. Mwambie!"

"Marahaba, mwanangu. Leo mama ndiye atakayesema." Mchungaji alifungua kitabu chake. "Kwa sauti, mama, mashahidi wasikie."

Mama alimshika mwalimu mkono, akawatazama wanawe usoni, mmoja mmoja.

"Mimi, kwa hiari yangu, mbele za Mungu na mbele ya watoto wangu hawa, nakupokea uwe mume wangu, mpaka kifo kitutenganishe."