Nani Anaweka Hoki

Hapana, si ardhi wala si mke. Wazee wale wawili waligombania hoki. Hoki ya barafu, ndiyo, ile ya mijitu yenye makofia magumu inateleza kama imemwagiwa mafuta. Tena hapahapa mtaani Yeoville, kwenye fleti ya watu ambao barafu wanaijua ya friji tu.

Mzee Othmani, fundi cherehani wa Tanga, alikaa chumba cha mbele. Vénérand, Mrundi mshona viatu, chumba cha kati. Dekoda ilikuwa moja, iko kwa Vénérand. Waya ukatoboa ukuta ukafika kwa Othmani, ukaendelea mpaka jikoni, kwenye TV kuukuu ambayo bi Chiku, mke wa Othmani, alishasema imeungua zamani. Fundi alitia na vijidude, ukibonyeza rimoti chumba chochote, chaneli inabadilika kwa wote. Raha, si ndiyo? Na shetani naye aliiona hiyo raha.

Maana kila Jumapili jioni, mpira umenoga, Othmani kashika kidevu, mara TV inaruka. Barafu. Watu wanatwangana ngumi na refa kasimama anawatazama. Mpira ukirudi kidogo, inaruka tena.

Othmani aligonga ukuta kwa kiatu. Vénérand alijibu kwa nyundo. Ndizo zilikuwa salamu zao, tangu Krismasi mpaka mwezi wa tatu. Na zamani Jumapili walikula sinia moja, Mwislamu na Mkristo, wake zao wanapika pamoja. Kupika waliendelea kupika pamoja, ila sasa kila mzee aliletewa sahani yake chumbani, tena kwa kuchelewa, na wanawake wakitoka jikoni sauti zimekauka. Pilipili, walisema.

Othmani akaapa kuhama. Alishampigia mpwawe mwenye spaza, kile kiduka cha uani, kule Soweto amtafutie chumba. Jumapili moja tu nyingine ya barafu, basi, anafunga virago. Chiku alipoambiwa hakulia. Alisema Soweto nako madishi yapo.

Siku hiyohiyo, anachambua mchele, Chiku akamwambia kwamba hata kwao Amerika mchezo huo umetangatanga sana. Walikuwa na chaneli yao nzuri tu, wakagombana wao kwa wao, msimu mzima hawakucheza. Waliporudi, wenye chaneli wakawakataa, ikabidi wakapokelewe kwenye chaneli ya wawindaji na wavuvi. Na nyuma ya hapo, kwa kuwa kile kidude cheusi wanachokipiga hakionekani vizuri, kuna watu waliwahi kukitia mwanga wa bluu kwenye TV, watazamaji wakanuna. Othmani hakuuliza kayatoa wapi. Saluni, wapi tena? Huko ndiko maneno yanakosukwa. Yeye aliyaweka akiba.

Jumapili ikafika. Penalti. Mpigaji karudi nyuma, kavuta pumzi. Barafu.

Othmani akatoka na plaizi, anakwenda kukata waya. Koridoni akakutana uso kwa uso na Vénérand, ana nyundo.

"Hata Waamerika waliufukuza mchezo wako ukaenda kulala kwa wavuvi," Othmani akamwambia. "We ndo unaukaribisha huku?"

"Wangu mimi? Ni weye unaniwekea wazimu kila dimanche, halafu unanigongea ukuta."

"Dekoda iko kwako, bwana."

"Na kijidude kiko kwako. Lete rimoti yako tuione, mzee."

Othmani akasema asimtanie, rimoti yake imepotea tangu Krismasi na anajua aliyeiiba. Vénérand akasema hata yake imepotea, yeye anabonyeza dekoda kwa kidole kama mtoto, na mwizi wake kasimama hapa mbele na plaizi. Huyu akaitwa mwizi, huyu akaitwa mchawi. Plaizi ikaanguka, nyundo ikaanguka, wakakamatana mashati. Umri wote ule.

Hapo jikoni ukapigwa ukelele, wanawake wawili kwa mpigo, kama wa msiba. Wazee wakaachiana. Wakakimbia, kila mmoja anamwita mkewe, wakausukuma mlango kwa mabega.

Pilau ilikuwa kwenye sinia, sombe ya majani ya muhogo pembeni, mvuke unapanda, na hakuna aliyegusa. Vestine, mke wa Vénérand, alikuwa amesimama juu ya kigoda, ngumi hewani. Bi Chiku, macho kwenye ile TV iliyoungua, hakugeuza hata shingo.

"Naweni mikono mkae mle," alisema, rimoti mbili mapajani. "Tena msituzibie. Kipindi cha tatu bado."

Wazee wakanawa, wakakaa.