Mizinga Sita ya Ziada

Nani angenunua mchezo wa kushindwa tu? Kwa hiyo Mshamu, fundi wa michezo ya ubao, alipoigiza pigano la kweli la baharini, aliichongea meli dhaifu ya matanga mizinga sita juu ya kumi na miwili ya kweli.

Nahodha Shekuwe, aliyeisalimisha meli yenyewe kwa adui katika pigano hilo, alialikwa kuujaribu mchezo. Akashinda.

Binti yake Somoe, ambaye mumewe alitekwa siku ile asirudi tena, aliukodolea macho ubao.

“Kumbe iliwezekana, baba?”

Mzee akainamisha kichwa. “Labda niliogopa, mwanangu.”

Mshamu alitaka kusema kweli, lakini akaishia kuinuka. Uso ukamwaka kwa aibu.

“Niwaletee kahawa?” akauliza.

Mzee alikuwa ameishika meli yake, akihesabu mizinga kwa kidole. Kidole kilipofika mzinga wa kumi na mbili, kikasita.