Mtawa wa Wimbo wa Mwisho

Mtawa alizaliwa jioni moja juu ya meza ya kutengenezea saa, na hata chai haijapoa alikuwa amekwisha kutunga wimbo wa Krismasi.

"Mpe kikohozi," baba alishauri. "Mtawa mwenye afya nani atamhurumia?"

Binti yake, mwalimu wa kwaya, akampa kikohozi. Akampa na chumba cha mawe, theluji hadi magotini na mshumaa mmoja. Alikuwa ametoka chuo juzi tu, bado anaamini kwamba ukweli unatosha kwa kila jambo, na uongo huu ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Lakini angefanyaje? Kwaya yao ilikuwa na desturi yake: wimbo hauimbwi mpaka asili yake isimuliwe mbele ya mwenyekiti. Nani kautunga, wapi, na kabla ya kuja kanisani ulikuwa ukifanya kazi gani. Uliowahi kuonekana kwenye ukumbi wa dansi ulirudishwa ulikotoka. Wanakwaya walimwita mwenyekiti Mama Forodha, ingawa si mbele yake.

Mwalimu aliwahi kumweleza kwamba hizi nyimbo za Krismasi tunazozipenda, mababu zake walikuwa ngoma za duara, watu wameshikana mikono wanarukaruka. Mama Forodha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole kwamba mababu hawaimbi katika kwaya yake.

Na wimbo huu mpya haukuwa hata na babu. Ulikuwa na baba, fundi saa, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya dansi enzi za ujana wake. Tarumbeta sasa ilining'inia ukutani, maana mikono ilimtetemeka kiasi kwamba hata skrubu za saa zilimponyoka. Iliponyoka moja pia siku binti alipomsimulia habari za mwenyekiti huyu mrefu, anayetembea kama amebeba glasi ya maji kichwani na kunusa dansi hata kwenye zaburi. Wakaitafuta sakafuni wote wawili. Baba akacheka, akataka arudiwe hadithi, hasa pale pa kutembea. Kisha akaupiga wimbo wake wa enzi zile kwa mluzi, mwanzo hadi mwisho.

Walikuwa wamehamia mji ule mwaka huohuo, kwa ajili ya kazi ya binti, na baba hakuwa amekanyaga kanisani hata mara moja. Sasa aliahidi: wakiuimba Krismasi, atakuja.

"Ubeti wa kwanza hauna tatizo," alisema. "Nyota, usiku, kuna mtu anasubiriwa. Utadhani Krismasi yenyewe. Wa pili uache."

"Na akigundua, baba? Kwaya nitaisikia redioni."

"Basi mwongezee mtawa kikohozi."

Mwalimu akaitazama ile mikono, akajua hakuna namna. Alitaka baba ausikie tena wimbo wake kwa sauti za watu, angali ana masikio ya kuusikia.

Kwenye mazoezi alimsimulia mtawa wake huku akitazama dirisha. Ilipofika theluji, soprano mmoja alijifunga khanga vizuri. Ilipofika kikohozi, wawili walifuta machozi. Mzee mmoja wa besi akauliza kama wino haukuganda kwa baridi ile. Akaambiwa mtawa aliuyeyusha kwenye mshumaa, akaridhika.

Mama Forodha alikuwa na swali moja tu. "Huyu mtawa alikuwa na mke?"

"Ni mtawa, Mama."

"Nauliza tu. Watawa nao hawafanani."

Wakaimba. Mama Forodha alifumba macho, mikono mapajani, hakuna kilichotikisika. Walipomaliza akasema, "Tena." Walipomaliza tena, akafumbua jicho moja.

"Pale katikati mnakimbia. Mwacheni mtu ageuke kwanza."

Mzee wa besi akauliza ageuke nani.

Mama Forodha akasukuma miwani yake puani. "Mtawa. Amepiga magoti akitazama ukuta. Mshumaa atauonaje asipogeuka?"

Hilo lilimwingia kila mtu akilini. Wakaweka kituo pale katikati, na wimbo ukawa mtamu maradufu. Mwenyekiti akaupitisha, akaagiza uwe wa mwisho siku ya Krismasi, na mwalimu akarudi nyumbani akitembea upandeupande kwa furaha na aibu.

Krismasi ilipofika, baba aliketi benchi la nyuma kabisa, kanyoa, kavaa koti lililonuka dawa ya nondo, kofia iko magotini. Wimbo ulipofika pale pa kugeuka, kofia ilianguka. Mwalimu aliiona ikianguka na mkono wake wa kuongozea ukakosa pigo moja, lakini kwaya haikukosa.

Ibada ilipokwisha, alimwona Mama Forodha akishuka katikati ya mabenchi, hamsalimu mtu, anakwenda moja kwa moja nyuma. Mwalimu akamkimbilia, maneno ya kujitetea yakiwa tayari mdomoni: kosa ni langu, Mama, mzee hana hatia, nivue uongozi mimi. Akachelewa. Baba alikuwa amesimama, kofia kifuani, na Mama Forodha anamkagua kuanzia viatu mpaka mvi.

"Kumbe kikohozi chenyewe kimepona," alisema.

Baba akaivaa kofia, akaivua tena.

"Miaka yote nakagua nyimbo za watu, naambiwa nina roho mbaya, kumbe naungoja huu mmoja." Akaketi kwenye benchi, akamsogezea nafasi kando yake. "Haya, mtawa. Ule ubeti wa pili, wenye jina langu, umeuficha wapi?"