Kisiki na Ngazi

Kocha alitoka nyumbani kwa Ngazi kwa mlango wa uani, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi.

Kisiki alimwona kwenye kioo cha kinyozi, povu likiwa bado limetanda shavu moja. Akamdaka kinyozi mkono. "Umemwona yule?"

"Nimeona mzee mwenye kofia."

"Yule ndiye aliyenifundisha ngumi. Anatafuta nini kwa Ngazi, tena wiki hii, tena kwa mlango wa nyuma?"

"Labda kaenda kuomba chumvi," kinyozi akacheka.

Kisiki hakucheka. Wiki hiyo chama cha ndondi kilikuwa kinamchagua bondia bora wa nyakati zote, ambaye picha yake ingetundikwa juu ya mlango wa ukumbi mpya. Walibaki wawili, wote wazee sasa, wote waliolelewa na kocha huyo mmoja. Kisiki alitawala uzito wa unyoya, usiozidi kilo hamsini na saba, mpaka akastaafu. Hakuna aliyewahi kumng'oa. Ngazi alipanda. Alitwaa mkanda wa uzito mwepesi, akapanda hadi uzito wa welta akautwaa, akamalizia na uzito wa kati. Mji uligawanyika. Hawa wakisema bora ni yule aliyewafuata wakubwa zake huko juu akawapiga. Wale wakisema mfalme ni mwenye kiti asichopokonywa.

"Mimi sijui ngumi," kinyozi alisema akirudisha wembe kwenye povu, "ila mwenye nyumba moja ni mwenye nyumba. Mwenye funguo tatu huenda ni mpangaji tu."

Maneno hayo yalimfurahisha Kisiki, lakini hayakumtuliza. Alikuwa na donge la siku nyingi. Enzi zao chama hakikuwa na mizani yake. Kila bondia alipimwa kambini kwake, mwamuzi akishuhudia. Ngazi hakukubali hata mara moja kupanda mizani ya kambi yao. Alimburuta mwamuzi mpaka kwenye mashine ya kusaga nafaka, akapimwa pale wanapopimia magunia. Mtu ana mizani nyumbani, anakwendaje kupimwa na mahindi? Kwa Kisiki jibu lilikuwa wazi: Ngazi alikuwa mzito kuliko alivyosema. Hizo ngazi hakuzipanda, alizaliwa juu.

Mashine ile ilishavunjwa zamani. Lakini mizani ya kambi bado ilikuwepo stoo, na Kisiki alikuwa ameshaliomba jopo la uteuzi la chama liipeleke mbele ya mkaguzi wa vipimo. Ikionekana ni sawasawa, Ngazi ataeleza mwenyewe alikuwa anaikimbia kwa nini.

Asubuhi ya ukaguzi aliwahi kambini. Akamkuta Kocha anahema, anaisukuma mizani kuelekea kwenye mkokoteni uliosimama mlangoni.

"Unaipeleka wapi?"

Kocha alishtuka. "Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Inakula nafasi."

"Imekaa hapa tangu sijaoa, leo ndiyo inakula nafasi?"

"Mwanangu," Kocha alisema, akiwa bado ameishika, "kwa umri wetu huu, mambo mengine tuyaache yalale."

"Ngazi kakupa nini?"

Kocha akaisukuma tena mizani. Basi Kisiki akaiketia mizani ile kama mtu anayelinda kiti msibani, asitoke mpaka wageni wafike.

Wakafika: mwenyekiti wa chama na wenzake wa jopo, mkaguzi na sanduku lake la mawe ya mizani, na nyuma yao Ngazi, akichechemea na mkongojo.

"Hatuna haja ya kupima tena," mwenyekiti alitangaza. "Ngazi amejitoa jana. Picha ni yako, bingwa. Hongera!"

Watu wakapiga makofi. Kocha akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Na hilo ndilo lililomwasha Kisiki.

"Mtu hajitoi bure," alisema. "Kwa nini amejitoa?"

"Nimechoka, kaka," Ngazi alijibu taratibu. "Chukua heshima yako, twende zetu nyumbani."

"Ushindi sipewi kama sadaka! Nyie wawili mmekaa mkapanga jambo. Pimeni!"

"Mwanangu, nakuomba," Kocha alisema.

"Pimeni!"

Mkaguzi alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akainua mabega. Mawe yakapangwa juu ya bamba, jiwe kwa jiwe, mpaka kilo sitini kamili. Mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye hamsini na sita.

Mwenyekiti akainama, akausoma mwenyewe.

"Mmeichezea!" Kisiki alimrukia Kocha kwa kidole. "Ndiyo maana nimekukuta nayo mlangoni!"

Mkaguzi alikuwa ameshapiga magoti, tochi mkononi, anachungulia chini ya bamba. "Haijachezewa leo wala jana, mzee wangu. Kuna kipande cha chuma kimechomelewa huku ndani, na rangi iliyokifunika imeshaliwa na kutu. Hii ni kazi ya miaka mingi."

"Ya miaka mingi!" Kisiki aliwageukia jopo, uso umemng'aa kama siku ile alipovishwa mkanda wa kwanza. "Si niliwaambia? Si nilisema kuna mtu alidanganya uzito enzi zile?"

Ngazi aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akamsogelea Kocha.

"Mzee, kwenye mizani hii walipimwa mabondia wangapi kabla ya mapambano ya ubingwa?"

Kocha alimtazama Kisiki.

"Mmoja tu," alisema.