Nyuso za Kijani

Binti yao alikuwa wa kijani tena.

Sekunde ya kumi na mbili ya video alikuwa mtoto wa kawaida wa miaka minne, anapuliza mishumaa ya keki kwa pumzi zote. Sekunde ya kumi na tatu uso ukageuka rangi ya chura, meno yakawa ya zambarau, na shangazi aliyesimama nyuma yake akakatika vipande vipande.

"Imekataa," alisema Mwalimu, akavua miwani.

Mkewe hakushtuka. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Sista, mumewe akiwemo. Tangu ugonjwa huu uanze alikuwa amefungua daftari na kulipiga mistari kama chati ya mgonjwa: tarehe, dawa, matokeo. Walikuwa ukurasa wa nne. Kuzima na kuwasha: hakuna nafuu. Kuifuta programu na kuiweka upya: hakuna nafuu. Kupunguza mwanga: homa imepanda, sasa hata mbwa ni wa kijani.

Kosa lilikuwa la Mwalimu. Programu yake ya kuhariri video ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Ikaleta ujumbe kwamba kuna toleo jipya, na yeye, mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote na kuwakanya watoto wa watu wasibadilishe jibu sahihi dakika ya mwisho, kiherehere kikampanda, akabonyeza "Kubali". Tangu siku hiyo, wakati wa kuhariri kila kitu ni safi. Akiitoa filamu nzima iwe tayari kuonyeshwa, watu wanaota ukungu. Na filamu ilikuwa inasubiriwa. Binti wa mwisho alikuwa anaolewa, na aliwaomba wazazi wake kitu kimoja tu: dakika kumi za utoto wake, zionyeshwe ukumbini siku ya harusi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Binti huyo alipohama, mwaka juzi, aliondoka na maneno yote ya nyumba ile. Si kwamba wazee waligombana. Waliishiwa tu. "Geti umefunga?" "Nimefunga." Basi, siku imekwisha, huyu na redio yake, yule na ufumaji wake. Ilitia simanzi, na kila mmoja aliijua simanzi ya mwenzake bila kujua aianzie wapi.

Sasa kila siku saa nane mchana, vyombo vikishaoshwa, Sista alivuta kiti cha pili katika kile kilichokuwa chumba cha binti, akavaa miwani na kusoma ushauri wa watu wa mtandaoni, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia majina ya wagonjwa. Yeye anasoma, Mwalimu anabonyeza.

"Mmoja anasema tupunguze ukubwa wa picha."

"Tulipunguza jana."

"Mwingine anasema tumwombe Mungu."

"Huyo ana akili. Endelea."

"Wa tatu..." Sista alisoma kimoyomoyo, kisha akasogeza ukurasa kwa kidole. "Huyu anaropoka tu. Tumruke."

"Mruke, mruke," alisema Mwalimu.

Kila jaribio lilichukua dakika arobaini, na wakisubiri hawakuwa na la kufanya ila kutazama video za zamani na kubishana. Nani alimwangusha mtoto kwenye beseni. Nani alinunua ile suti ya kahawia ya aibu. Siku moja Sista alicheka mpaka akashika mbavu, Mwalimu akawa anamtazama yeye badala ya kioo, na filamu ikamaliza kutoka bila hata mmoja wao kujua. Walipogeuka, bibi harusi alikuwa wa kijani kama kawaida. Wakacheka upya.

Aliyeharibu mambo ni binti mwenyewe. Alipiga simu. "Baba, siku kumi na moja mnahangaika na kitu kimoja? Nawaletea fundi kesho. Namba yake nimemtumia Mama. Huyo ni bingwa, hashindwi."

"Tunakaribia, mwanangu."

"Mnakaribia wapi? Mama, hebu mwambie."

"Mwache tu aje," alisema Sista, na jioni ile hakushika ufumaji.

Fundi alikuja kesho yake mchana, mtu mnene, mpole, mwenye mvi kwenye ndevu. Alikalia kiti cha Mwalimu. Wazee wakasimama nyuma yake wamebanana. Alifungua mipangilio, akashuka polepole, akasimama mahali, akakuna kidevu. Mwalimu alijikuta ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Hili ni kubwa," fundi alisema hatimaye. "Si la siku moja. Ninyi endeleeni kujaribu, mimi nitarudi wiki ijayo."

"Harusi haitaharibika?" aliuliza Sista.

"Haitaharibika, mama. Hiyo niachieni mimi."

Sista akaandika kwenye daftari: mgonjwa aendelee na matibabu nyumbani. Mwalimu akasema atamsindikiza mgeni.

Pale getini alitazama nyuma kwanza. Alikuwa ameazimia kunyamaza, lakini hakuwahi maishani kuliacha jibu baya lipite, na ualimu ukamshinda.

"Fundi, nasikia wewe ni bingwa," alinong'ona. "Kwenye mipangilio, mstari wa tatu, kuna kisanduku chenye tiki. Ukiitoa tiki, nyuso zinarudi. Mimi nimekijua tangu siku ya pili. Wewe hukukiona?"

"Nilikiona, mzee," alisema fundi. "Ila mama alinipigia simu asubuhi, akaniomba nisikione."