Lozi za Shaame

Kila asubuhi Bahia humenya lozi zilizolala majini, kwa sababu mumewe, Shaame, aliambiwa kuwa lozi mbichi zikirowekwa na kumenywa huupa mwili nguvu. Nguvu zenyewe Bahia anazijua. Jana usiku zilimvunja jino.

Aliibana lozi kwa vidole viwili, ganda likachopoka, kiini cheupe kikaanguka bakulini. Alimeza mate yenye damu, akamenya nyingine. Kando yake kilikuwepo kinu cha shaba, maana Shaame alipenda zitwangwe laini, zichanganywe na maziwa. Tangu aolewe, Bahia hakuwahi kuonja hata moja.

"Bado tu?" Shaame alifoka kutoka ukumbini. "Au unataka nije huko?"

"Njoo, bwana."

Alikuja mbio, mkanda wa suruali umeshafunguliwa. Akamkuta mkewe amesimama na bakuli kifuani, mashavu yamejaa, anatafuna kwa upande ule wenye meno mazima. Taratibu, macho makavu yakimtazama.

"Tema!"

Bahia akatia nyingine kinywani.

Shaame akampiga kibao, bakuli likapasuka sakafuni. Akambamiza kwenye meza, akamkaba koo kwa mikono miwili. "Tema, nimesema!"

Bahia akameza. Lozi zikapita kwa shida chini ya vidole vya mumewe, lakini zikapita. Mkono wake ukapapasa mezani nyuma yake, ukakuta kinu, ukauchomoa mchi.

Siku zote mchi ule ulikuwa mzito. Leo ulinyanyuka wenyewe.